Butembo-Beni: Kocha aliyemlea Mutombo alifunga milango, vitabu vikaifungua

Kijana wa Butembo ama wa Beni akiruka na kuzuia mpira uliokuwa unaelekea kikapuni, kisha akatikisa kidole kimoja mbele ya mpinzani wake, hakuna mtu kiwanjani anayeuliza amejifunza wapi. Ni kidole cha Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 18, aliyecheza misimu 18 katika NBA na kufariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024 kwa kansa ya ubongo.

Wanaojua jina la kocha aliyemlea ni wachache. Anaitwa John Thompson, na kwa miaka 27, tangu 1972 hadi 1999, aliongoza timu ya basket ya chuo kikuu cha Georgetown, kule Washington. Wamarekani wengi Weusi walimheshimu kama baba. Waandishi wa habari wengi walimwona mtu mkali, mwenye siri na mwenye mdomo wa matusi. Mabishano juu yake yamezaa vitabu, na ndani ya vitabu hivyo mzazi wa Kivu ambaye mtoto wake anaota kwenda kucheza Marekani atakuta habari ambazo wakala wa wachezaji hawezi kumwambia.

Thompson mwenyewe alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mita 2 na zaidi. Alikuwa amecheza miaka miwili katika Boston Celtics, nyuma ya Bill Russell, na kushinda ubingwa mara mbili bila kuonekana sana uwanjani. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake alikuwa na cheti cha ualimu, lakini alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu, kwa sababu ndiyo kazi aliyoipata mwanamke Mweusi wa wakati ule. Thompson naye alipata shida ya kusoma alipokuwa mtoto. Mtu huyu ndiye ambaye mapadri Wajezuiti wa Georgetown walimkabidhi timu iliyokuwa imeshinda mechi 3 tu katika msimu uliotangulia.

Miaka 12 baadaye, mwaka wa 1984, Georgetown ilipiga Houston 84 kwa 75 na kuchukua ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Upande wa Houston alikuwako Mnigeria Hakeem Olajuwon. Upande wa Georgetown, Patrick Ewing aliyezaliwa Jamaika. Thompson akawa kocha Mweusi wa kwanza kushinda ubingwa huo. Wanahabari walipomuuliza juu ya heshima ya kuwa wa kwanza, hakufurahi. Kwake, kusema kwamba yeye ni wa kwanza ni kama kusema kwamba wale waliomtangulia hawakuwa na uwezo, wakati ukweli ni kwamba walinyimwa nafasi.

Kilichomletea maadui ni milango. Mazoezi ya Georgetown yalifanyika kwa siri. Mchezaji mpya hakuruhusiwa kuongea na waandishi wa habari katika miezi yake ya kwanza. Mwaka wa 1982, fainali zilipochezwa New Orleans, Thompson alilaza vijana wake Biloxi, mji wa jimbo lingine, mbali na kelele na mbali na magazeti. Waandishi wakatunga jina la ugonjwa huo, wakauita Hoya Paranoia, kwa kuwa wachezaji wa Georgetown huitwa Hoyas. Kwenye benchi, karibu na kocha, alikaa mwanamke ambaye hakuwa mtaalamu wa basket hata kidogo: Mary Fenlon, aliyewahi kuwa sista, na ambaye kazi yake ilikuwa kufuatilia masomo ya wachezaji. Watu walimshangaa. Thompson aliwaacha washangae.

Mwandishi mmoja wa gazeti la Washington Post, Leonard Shapiro, alijaribu kuandika juu ya nyumba hiyo akiwa nje yake. Kitabu chake, Big Man on Campus, kilitoka mwaka wa 1991, mwaka uleule Mutombo alipomaliza masomo. Ni kazi ya mwandishi anayezunguka ukuta na kuuliza waliokuwa ndani. Na wakati wote huo Mkongomani alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Ili kuelewa kwa nini ukuta ule ulikuwa jambo kubwa, lazima kwanza kumwangalia kocha mwingine ambaye wakati huohuo alifanya kinyume.

Bob Knight alikuwa kocha wa chuo kikuu cha Indiana. Alikuwa ameshinda ubingwa mwaka wa 1976, kwa msimu ambao hakupoteza mechi hata moja kati ya 32, na tena mwaka wa 1981. Mwaka wa 1984 aliongoza timu ya Marekani kwenye Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles na kuleta dhahabu, Michael Jordan akiwa kati ya vijana wake. Lakini watu wengi walimfahamu kwa kiti. Tarehe 23 mwezi wa pili 1985, katika mechi dhidi ya Purdue, alikasirikia waamuzi, akakamata kiti cha plastiki na kukirusha katikati ya kiwanja mbele ya kamera.

Msimu uliofuata, Knight alimfungulia mlango John Feinstein, naye pia mwandishi wa Washington Post. Feinstein aliacha kazi yake ya kila siku, akahamia Bloomington, akafuata timu tangu mazoezi ya kwanza hadi mechi ya mwisho. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akakaa kwenye mikutano ya makocha, akasikia yale ambayo mpenzi wa timu hasikii. Timu yenyewe haikufika mbali: ilishinda mechi 21, ikapoteza 8, kisha ikatolewa katika mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa na Cleveland State, chuo ambacho Wamarekani wengi hawakuwa wamesikia habari zake. Kitabu, A Season on the Brink, kilitoka mwaka wa 1986 na kufika nafasi ya kwanza katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya gazeti la New York Times.

Msomaji anaingizwa moja kwa moja mahali pagumu. Kurasa za kwanza zinamkuta Knight akimtukana mchezaji wake, Daryl Thomas, mbele ya wenzake, kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Si kwa sababu Thomas alifanya kosa kubwa. Knight aliona kijana mpole, akataka kumfanya mkali. Kisha, baada ya kumbomoa, kocha yuleyule anatafuta njia ya kumjenga upya. Mambo huenda hivyo msimu mzima, mchezaji mmoja baada ya mwingine, na nguvu ya kitabu iko hapo: Feinstein hamhukumu Knight kwa sauti kubwa. Anaonyesha pia Knight anayemtembelea mgonjwa hospitalini, Knight anayedai wachezaji wake waingie darasani, Knight asiyetoa pesa za siri ili kupata mchezaji, wakati makocha wengine walikuwa wanazitoa. Msomaji anabaki na mtu mzima mkononi, na hajui amweke wapi.

Knight alikasirika. Matusi yake yaliyochapishwa yalimuuma kuliko kitu kingine, na yeye na Feinstein walikaa miaka mingi bila kusemezana.

Wanaomtetea Knight wana hoja moja wanayoipenda. Mwaka wa 1987, mwaka mmoja tu baada ya kitabu, Indiana ilikuwa nyuma ya Syracuse kwa pointi moja katika fainali, na sekunde chache zilikuwa zimebaki. Mpira ulimfikia Daryl Thomas, yule aliyetukanwa. Hakulazimisha kutupa. Alimwona Keith Smart pembeni, akampa, Smart akafunga, na Indiana ikashinda 74 kwa 73. Basi, wanasema, dawa chungu ilimponya.

Hoja hiyo ina shimo. Mchezaji aliyebaki hadi fainali anaonekana kwenye picha. Wale waliovunjika na kuondoka katikati ya njia hawaonekani. Neil Reed alikuwa mmoja wa walioondoka. Mwezi wa nne mwaka wa 2000, televisheni ya Marekani ilionyesha kanda ya mazoezi ya mwaka wa 1997: Knight anamkamata Reed shingoni. Reed alikuwa tayari amelisema jambo hilo, na wengi walikuwa wamemwita mwongo. Miezi michache baadaye, tarehe 10 mwezi wa tisa, chuo kilimfukuza Knight baada ya kumkamata mkono mwanafunzi aliyemwita kwa jina lake la ukoo bila kuweka neno la heshima. Aliendelea na kazi Texas Tech, akamaliza na ushindi 902, akafariki tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 2023. Maneno yalikuwa yameandikwa wazi tangu 1986, katika kitabu kilichonunuliwa na watu wengi sana. Ilihitaji picha ya mkono shingoni, miaka 14 baadaye, ili wakubwa wa chuo waamke.

Swali linalofuata ni la wazi. Kama nyumba iliyofunguliwa ilikuwa na mambo hayo, ile iliyofungwa ilificha nini?

Jibu la Thompson mwenyewe lilikuja kwa kuchelewa sana. Alifariki tarehe 30 mwezi wa nane 2020, siku chache kabla ya kufikisha miaka 79, na kitabu cha maisha yake, I Came As a Shadow, alichoandika pamoja na mwandishi Jesse Washington, kilitoka mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo. Hakuwako tena kujibu maswali, na mtu akipenda anaweza kusema kwamba hata hapo Thompson alifaulu kuwakwepa waandishi wa habari.

Hajifanyi malaika. Alitukana, alipiga kelele, aliwatisha watu kwa mwili wake na alijua kwamba anawatisha. Lakini sababu ya milango ni tofauti na ile ambayo magazeti yalidhani. Vijana wake walikuwa karibu wote Weusi, wengi wakitoka familia maskini, katika chuo cha watoto wa matajiri Weupe. Mwaka wa 1975, wakati timu ilikuwa inapoteza, mtu alitundika kitambaa ndani ya ukumbi wa Georgetown wenyewe, kimeandikwa tusi la ubaguzi likimwambia chuo kimfukuze kocha huyo. Ewing alirushiwa ganda la ndizi na mashabiki wa vyuo vingine. Thompson aliona kwamba kijana wa miaka 18 akiwekwa mbele ya kamera baada ya mambo kama hayo, jibu moja baya litamfuata maisha yote. Kwa hiyo alisimama mlangoni yeye mwenyewe, akakubali kuchukiwa mahali pao.

Ofisini mwake aliweka mpira wa basket uliotolewa upepo. Kila mchezaji mpya aliuona, na maelezo yalikuwa mafupi: siku moja upepo utatoka, nawe utabaki na nini? Kati ya wachezaji 78 waliokaa naye miaka 4 yote, 76 walipata diploma. Kwa timu kubwa ya Marekani ya miaka ile, hesabu hiyo ni ya ajabu.

Kuna pia kisa cha Rayful Edmond, muuzaji mkubwa wa kokeini mjini Washington mwishoni mwa miaka ya 1980, kijana aliyependa basket na aliyekuwa ameanza kuzoeana na baadhi ya wachezaji wa Georgetown, Alonzo Mourning akiwa mmoja wao. Thompson alimwita ofisini na kumwambia aachane na vijana wake. Edmond alikuwa mtu wa kuogopwa katika mji mzima. Mourning aliacha urafiki huo, na Edmond akakamatwa na polisi mwaka wa 1989.

Mutombo aliishi ndani ya nyumba hiyo. Alikuwa mwanafunzi wa Boboto, kolegi ya Wajezuiti ya Kinshasa, na alifika Georgetown mwaka wa 1987 akiwa na miaka 21, kwa bursari ya USAID, akitaka kuwa daktari. Kiingereza kilikuwa kigeni kwake, na mwaka wa kwanza hakucheza, alijifunza lugha. Basket ya kweli ilianza mwaka wa pili, na mwezi wa kwanza 1989 alizuia mipira 12 katika mechi moja dhidi ya St. John's, rekodi ya chuo hadi leo.

Mwezi huohuo kocha wake alifanya jambo ambalo linagusa moja kwa moja kila mwanafunzi wa Butembo anayeogopa lugha ya examen d'État. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikuwa kimepitisha sheria iliyoitwa Proposition 42: mwanafunzi asiyefikia alama fulani za shule na za mtihani wa SAT asingepewa bursari ya michezo katika mwaka wake wa kwanza. Thompson alisema mtihani huo unapima umaskini na utamaduni kuliko akili. Tarehe 14 mwezi wa kwanza, mbele ya ukumbi uliojaa, aliingia kwa mechi dhidi ya Boston College, akampa msaidizi wake taulo jeupe alilokuwa anabeba begani siku zote, akatoka nje kabla mpira haujarushwa. Watu walisimama na kumpigia makofi. Alirudi kazini baada ya wakubwa wa NCAA kukubali kuangalia sheria ile upya, na mwaka uliofuata ikalegezwa.

Mutombo hakuwa daktari. Alimaliza mwaka wa 1991 na diploma ya isimu na diplomasia, akiwa anasema lugha 9, na Denver ikamchagua nafasi ya 4 kuingia NBA. Udaktari aliurudia kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mama yake Biamba Marie alifariki Kinshasa kwa sababu vurugu ziliifunga njia na familia haikuweza kumfikisha hospitalini. Wakaaji wa Beni, waliojifunza kuhesabu saa kabla ya giza tangu mauaji ya mwaka wa 2014, hawahitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Mutombo alijenga hospitali yenye jina la mama yake katika komine ya Masina, kwa gharama ya dolari milioni 29, nyingi zikiwa zake mwenyewe. Mpira wa ofisini kwa Thompson haukumkuta mikono mitupu.

Je, hiyo inampa kocha haki katika kila jambo? Hapana. Mlango uliofungwa unaweza kumlinda kijana, na unaweza vilevile kumficha anayemtesa. Aliye nje hawezi kutofautisha. Georgetown ilibahatika kwamba nyuma ya mlango alikuwa Thompson. Mzazi wa Butembo anayempeleka mtoto wake kwa kocha asiyemfahamu, ng'ambo ya bahari, hawezi kutegemea bahati. Maswali ya kuuliza yanapatikana katika vitabu hivi: nani anafuatilia masomo yake, wangapi kabla yake walipata diploma, na akiumia goti, bursari inaendelea ama inakatika?

Mambo yamebadilika pia tangu wakati wa Knight. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alianza katika chuo cha West Virginia chini ya Bob Huggins, kocha mwingine mwenye sifa ya ukali. Mwezi wa kwanza 2021, katikati ya msimu, aliondoka, akaenda Kentucky kwa John Calipari, na mwaka wa 2022 akatangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, akiwa ameshika wastani wa mipira 15 iliyodunda kila mechi. Zamani mchezaji aliyehama alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, na kocha alijua hivyo alipokuwa anatukana. Tangu 2021 sheria hiyo imelegezwa, na mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kupata pesa kwa jina lao. Lakini mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo hapati pesa hizo kwa urahisi akiwa ndani ya Marekani. Tshiebwe mwenyewe alilazimika kungoja safari ya timu yake Bahamas, mwaka wa 2022, ndipo afanye kazi za matangazo. Kabla ya kusaini karatasi yoyote, hilo linafaa kujulikana Goma, Beni na Butembo, kwa sababu ahadi za dolari ndizo zinazosikika kwanza.

Vitabu vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza. Mjini Beni, wanafunzi wa UCBC, wanaosoma kwa Kifaransa na Kiingereza, wanaweza kuviingia bila mkalimani. Mwenye muda wa kitabu kimoja tu aanze na kile cha Feinstein, ambaye naye alifariki mwezi wa tatu 2025: kinasomeka haraka, ingawa matusi yake hayafai mezani kwa familia. Cha Thompson kinakwenda polepole, na sehemu kubwa si basket, ni Washington ya watu Weusi, shule zake na kazi za wazazi wake. Kwa msomaji wa Kivu, hicho ndicho chenye mengi zaidi.